Tepe za grafini hazitoki machimboni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji, na naomba uvumilivu pia, maana barua hii imezidi urefu mliouzoea. Jumapili iliyopita gazeti lako lilitoa makala ya nusu ukurasa kuhusu madini ya kinywe (grafiti). Katikati yake palikuwa na sentensi iliyonifanya niache chai ipoe mezani: kwamba tepe za nano za grafini, yaani vipande vyembamba mno vya kaboni, zile ambazo watafiti wanazijaribu ili siku moja zisaidiane na silikoni kwenye kompyuta, "hukatwa kutoka kwenye kinywe", na kwa hiyo nchi yenye kinywe kingi ndiyo itakayoishika teknolojia hiyo. Wenzangu wawili wa chumba cha walimu waliisoma kwa sauti, wakafurahi, wakanipongeza kana kwamba mimi ndiye mwenye mgodi. Sikuweza kufurahi nao.

Nimekulia Mererani. Baba yangu alikuwa mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanaiti, na kinywe nimekijua kabla sijajua kusoma. Tanzanaiti hukaa kwenye miamba yenye kinywe, hivyo anayeshuka shimoni kutafuta jiwe la buluu hupanda akiwa mweusi unaong'aa, kope mpaka kucha, kama mtu aliyepakwa rangi ya jiko. Mama alikuwa na beseni la pekee la nguo za baba, na halikuruhusiwa kuguswa na nguo nyingine yoyote. Alijaribu sabuni ya mche, maji ya moto, majivu, na safari moja petroli. Hakuna kilichofaa. Kinywe hakiyeyuki kwenye maji wala kwenye mafuta. Ukikisugua hakitoki, kinateleza tu kutoka uzi huu kwenda uzi ule. Mashuka ya nyumba yetu yalikuwa na rangi ya penseli mpaka nilipomaliza darasa la saba.

Sababu ya kuteleza ni hii. Kinywe ni rundo la karatasi za kaboni. Ndani ya karatasi moja kila atomu imeshikwa na wenzake watatu kwa nguvu kubwa, umbali wa nanomita 0.142 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), katika umbo la sega la nyuki. Lakini kutoka karatasi moja hadi ya juu yake ni nanomita 0.335, na hapo kushikana ni kudogo sana, ndiyo maana penseli inaandika. Grafini ni karatasi moja tu kati ya hizo. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliibandua kutoka kwenye kinywe kwa selotepu ya kawaida, wakibandika na kubandua mpaka ikabaki karatasi yenye unene wa atomu moja, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Hapa mwandishi wako yuko sahihi kabisa. Grafini ile ilitoka kwenye kinywe. Amepotea njia kwenye hatua iliyofuata.

Makala ilisema pia kwamba grafini "ni bora kuliko silikoni kwa kutengeneza transista". Transista ni swichi, na swichi lazima iwake na lazima izime. Grafini nzima haizimi. Elektroni zake hukimbia kwa wepesi wa ajabu, lakini hakuna namna ya kuzisimamisha zote. Ni kama bomba ambalo koki yake imekufa: ukikaza maji yanapungua, hayakatiki. Kinachokosekana ni kile tunachokiita pengo la nishati, yaani kimo ambacho elektroni lazima ikipande kabla haijaanza kutembea. Kwa elektroni-volti, kipimo cha nishati ya elektroni, silikoni ina pengo la 1.1. Grafini ina sifuri.

Sasa ukichukua grafini na kuifanya nyembamba sana, utepe wa upana wa atomu chache, pengo hufunguka. Elektroni ni wimbi, na wimbi ndani ya utepe lazima liishie kwenye kingo zote mbili, kama uzi wa zeze uliofungwa ncha zake: ni sauti chache tu zinazokubalika, nyingine hazina nafasi. Hapo ndipo penye jambo ambalo nilipolielewa mara ya kwanza nilitoka nje ya maktaba nikatembea peke yangu kwa nusu saa. Chukua utepe ambao ukingo wake hupanda, hulala, hushuka, hulala, kama ukitazama ubavu wa kiti chenye mikono. Wataalamu huuita ukingo wa kiti. Hesabu mistari ya atomu kutoka ukingo hadi ukingo. Ongeza moja. Gawanya kwa tatu. Ikigawanyika bila baki, lile wimbi maalumu la grafini, linalojirudia kila mistari mitatu, limetoshea sawasawa ndani ya utepe, na pengo karibu linafungika. Ikibaki kitu, pengo linakaa wazi.

Jaribu mwenyewe, Mhariri. Utepe wa mistari 8: ongeza moja unapata 9, bila baki, pengo dogo sana. Utepe wa mistari 7: unapata 8, kuna baki. Ukilala juu ya dhahabu, pengo lake limepimwa kuwa elektroni-volti 2.3. Utepe wa mistari 9: unapata 10, kuna baki tena, na juu ya dhahabu hiyohiyo ulipimwa 1.4. Mstari mmoja wa atomu ukizidi au ukipungua, umetoka kwenye kitu kinachozima vizuri na kuingia kwenye kitu kinachokaribia kuwa waya. Sijui fani nyingine ambayo kosa la upana wa atomu moja linageuza tabia ya kitu kizima namna hii.

Mwezi uliopita niliwachorea wanafunzi wangu wa kidato cha tano sega la nyuki kwenye karatasi, nikatoa nakala, nikawaambia kila mmoja akate utepe wa mistari 7. Wanafunzi arobaini na tatu, mikasi tisa. Walikuwa makini mno, wengine ndimi nje kama watoto wa chekechea. Walipomaliza nikapita kuangalia meza kwa meza. Vyumba vya sega vilikuwa vimekatwa matumboni, ukingo mmoja ulianza na mistari 7 ukaishia na 8, kwingine palikuwa na kipande kinachoning'inia. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akainua chake. "Mwalimu, mkasi wangu umepita katikati ya atomu. Hii nusu ni ya nani?"

Swali hilo ndilo lililowasumbua wanasayansi kwa miaka. Mwaka 2007 kundi la Philip Kim, Chuo Kikuu cha Columbia, lilichonga tepe kutoka kwenye grafini kwa miale ya elektroni na plasma (gesi iliyochajiwa umeme), zenye upana wa makumi ya nanomita, na pengo likaonekana kweli. Mwaka 2009 James Tour na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walipasua mirija ya kaboni kwa urefu, kama unavyopasua muwa, wakitumia asidi salfuriki na pamanganeti ya potasiamu. Mwaka huohuo kundi la Hongjie Dai wa Stanford likaipasua kwa plasma. Kazi nzuri zote. Lakini mkasi ni mkasi. Ukingo uliokatwa unakuwa na meno yasiyo sawa, na kwenye utepe mwembamba kiasi hicho ukingo ndio karibu utepe wote.

Suluhisho likatoka kwa watu wa kemia, na halikuwa mkasi mkali zaidi. Waliacha kukata. Mwaka 2010 watafiti wa Empa, taasisi ya utafiti kule Dübendorf, Uswisi, kundi la Roman Fasel, pamoja na kundi la Klaus Müllen la Taasisi ya Max Planck ya Utafiti wa Polima kule Mainz, Ujerumani, walitangaza tepe zilizojengwa kutoka chini, molekuli kwa molekuli, kila moja ikiwa na upana uleule na ukingo uleule bila kasoro ya atomu hata moja kwenye sehemu walizozipiga picha. Ndani ya utepe ule hakuna hata chembe ya kinywe.

Naomba nieleze walivyofanya, kwa sababu makala yenu iliruka hapa na hapa ndipo penye utamu. Matofali yao yalikuwa molekuli moja ndogo. Chukua antrasini, ambayo ni pete tatu za benzini (kila pete ina kaboni sita) zilizopangwa kwa mstari. Unganisha antrasini mbili, katikati kwa katikati. Kisha kila moja ipe atomu ya bromini upande wake wa nje, mkabala na kiungo. Antrasini hizo mbili hazilali pamoja. Hidrojeni zao zinagongana, hivyo moja inainama huku na nyingine kule. Molekuli hizo hufukizwa ndani ya chumba kisicho na hewa, zikatua juu ya dhahabu safi yenye joto la nyuzi 200 za Selsiasi. Kwa joto hilo bromini zinakatika. Molekuli inabaki na mikono miwili mitupu, inateleza juu ya dhahabu mpaka inakutana na nyingine yenye mikono mitupu, zinashikana. Mnyororo unakua. Ni mmenyuko wa ukoo wa kale: Fritz Ullmann aliunganisha pete za benzini kwa msaada wa shaba mwaka 1901, na hapa dhahabu imeshika nafasi ya shaba. Ukitazama kwa hadubini ya ncha, ile inayopapasa uso wa kitu atomu kwa atomu, unaona nundu za pande mbili zikipishana, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na umbali wa nundu hadi nundu ya upande uleule ni kama nanomita 0.85.

Kisha joto linapandishwa hadi nyuzi 400. Kila molekuli kwenye mnyororo inaachia hidrojeni nane. Pete zilizokuwa zimeinama zinafungana na jirani zake, nundu zinapotea, mnyororo unalala chapa juu ya dhahabu. Huo ni utepe wa mistari 7, upana nanomita 0.74. Upana huo haukupimwa na mtu yeyote wakati wa kukata, maana ulishaamuliwa tangu molekuli ilipobuniwa kwenye karatasi. Ukitaka utepe wa mistari 9, unabuni tofali jingine. Na joto mbili hizo, 200 kisha 400, haziwezi kubadilishana zamu: ukifunga pete kabla mnyororo haujaungana, unabaki na vipande.

Mimi sikufanya kazi juu ya dhahabu. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu Ujerumani, kwenye maabara ambayo sitaitaja, nikifanya kemia ya chupa, njia ya pili ya kujenga vitu hivi. Kwenye chupa hakuna nyuzi 400. Pete zinafungwa na kemikali, mara nyingi feriki kloridi, kwa mmenyuko uliopewa jina la Roland Scholl. Zoezi la kila mgeni, kabla hajaruhusiwa kugusa utepe, ni kutengeneza kisahani: unaanza na pete moja ya benzini iliyozungukwa na sita, kaboni 42 na hidrojeni 30, kila pete ya pembeni ikishikiliwa na kifundo kimoja tu. Feriki kloridi inang'oa hidrojeni 12 na kuunda viungo sita vipya. Zinabaki kaboni 42 na hidrojeni 18, zimelala bapa kama chapati.

Nilirudia zoezi hilo mara tano na mara tano nikashindwa. Unatia feriki kloridi iliyoyeyushwa kwenye nitromethani, tone kwa tone, na mchanganyiko uliokuwa karibu hauna rangi unageuka mweusi mbele ya macho yako. Unadhani umefaulu. Kisha unapeleka chembe kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli. Mashine hiyo huchora kilele kwa kila uzito inaoukuta. Kilele nilichokitaka kilikuwepo, lakini mbele yake kilisimama kingine kizito zaidi kwa 34, na kingine kwa 68, na kingine kwa 102. Kila kimoja kilikuwa na pacha wake mdogo pembeni, ambayo ni alama ya klorini, kwa kuwa klorini ya asili ni mchanganyiko wa uzito wa 35 na wa 37, kama tatu kwa moja. Klorini ilikuwa inakaa mahali pa hidrojeni. Ukingo wangu ulikuwa umechafuka, na ukingo ndio kila kitu.

Fundi wa maabara, mama mmoja wa makamo aliyekuwa haongei sana, alisimama nyuma yangu mara ya sita. Hakuangalia chupa, alisikiliza. Akaniuliza mbona haichemki. Nikamwambia gesi ya agoni inapita, nimeiweka juu ya kimiminika kama kitabu kinavyosema. Akachukua sindano ndefu, akaizamisha mpaka chini ya chupa, na mapovu yakaanza kupanda kwa mfululizo. Mmenyuko huu unazaa gesi ya hidrojeni kloridi. Ikibaki ndani ya kimiminika inarudi kukuharibia kazi, kwa hiyo lazima agoni ipite ndani yake na kuifukuza nje muda wote. Hiyo tu. Jioni ile mashine ilitoa kilele kimoja. Nimesimulia haya kwa sababu hakuna mahali, si kwenye vitabu nilivyosoma Dodoma wala kwenye makala nilizosoma Ulaya, ambapo mtu angenionyesha sindano ifike wapi. Mkono wa mtu ndio ulionionyesha.

Baadaye nikapanda kwenye tepe. Huko nako kuna adha yake, na ni adha ya beseni la mama. Utepe ukirefuka kidogo unataka kulala juu ya mwenzake, na mwenzake juu ya mwingine, kama karatasi za kinywe, na ghafla kazi yako ya wiki tatu inazama chini ya chupa ikiwa vumbi jeusi lisiloyeyuka kwenye chochote. Dawa yake ni kuupa utepe mikia, minyororo mirefu ya hidrokaboni inayochomoza kwenye kingo zake na kuzuia tepe zisibanane. Kwa njia hiyo kundi la Mainz lilitangaza mwaka 2014 tepe zenye urefu wa zaidi ya nanomita 200, zikielea kwenye kimiminika. Zangu hazikufika huko. Lakini nilipata miligramu kumi na mbili.

Niliporudi nyumbani likizo nilibeba kichupa chenye chembe za jaribio hilo. Baba alikichukua, akakiinua kwenye jua la dirishani na kukigeuza taratibu kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akikagua jiwe. Akaniuliza, "Mama, hii ni ya shimo gani?" Nikamwambia hatukuchimba. Nikamchorea tofali, nikamchorea mnyororo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la mtu aliyeuza mali maisha yake yote: anayejua kuitengeneza ni nani, na amefundishwa na nani?

Narudi kwenye makala yenu. Sisemi kinywe hakina thamani. Upande hasi wa betri za lithiamu hujazwa kinywe kilichosafishwa, na kinywe cha Mahenge na cha Ruangwa kina soko la haki huko. Grafini ya unga, ya kuchanganya kwenye rangi, plastiki na wino, nayo inaweza kutoka kwenye kinywe. Andikeni hayo, ni ya kweli na yanatosha. Lakini utepe wenye mistari 9 hasa, si 8, hautoki huko. Antrasini yenyewe Dumas na Laurent waliipata kwenye lami ya makaa ya mawe mwaka 1832, na leo mtu yeyote mwenye maabara anaiagiza kwa gramu. Kwenye kazi hii malighafi ni kitu kidogo. Mwenye kinywe na asiye na kinywe wanaanzia mstari mmoja, na hilo mimi naliona kuwa habari njema kuliko ile mliyoiandika.

Wala msiwaambie wasomaji kwamba simu zenye swichi hizi ziko njiani kufika dukani. Utepe unaoota juu ya dhahabu hauwezi kuwa swichi ukiwa juu ya dhahabu, kwa sababu umeme wote utapita kwenye dhahabu. Lazima uhamishwe. Wanachofanya ni kuotesha tepe juu ya utando mwembamba wa dhahabu uliotandazwa kwenye ulanga, yale madini yanayobanduka kama kurasa. Wanauelesha ulanga juu ya asidi hidrokloriki, utando wa dhahabu unaachia na kuelea, wanauokota kwa kipande cha silikoni chenye oksidi juu yake, tepe zikiwa zimetazama chini, kisha wanaiyeyusha dhahabu kwa iodini na iodidi ya potasiamu. Tepe zinabaki. Mwaka 2017 watafiti wa Berkeley, Empa na Mainz walionyesha transista za namna hiyo, za utepe wa mistari 9, ambazo zikiwashwa zilipitisha zaidi ya mikroampia moja na zikizimwa mkondo ulipungua kama mara laki moja. Laki moja! Bomba limepata koki. Lakini hizo zilitengenezwa moja moja, na kuupanga utepe mahali unapoutaka, ukielekea unakotaka, na kuushika vizuri na waya pande zote mbili, bado ni kazi inayowakesha watu.

Kuna aina nyingine ambayo makala haikuigusa na ingewapendeza wasomaji: ukingo wa zigizaga, kama meno ya msumeno. Tangu mwaka 1996 Mitsutaka Fujita na wenzake walikuwa wameonyesha kwa hesabu kwamba elektroni zingejikusanya kwenye ukingo wa namna hiyo na kuuletea tabia za sumaku. Sumaku kwenye kaboni, bila chembe ya chuma! Utepe wenyewe, ukiwa na ukingo safi, ulijengwa mwaka 2016, tena Dübendorf, kwa tofali jipya lililobuniwa mahsusi. Miaka ishirini ya kusubiri mtu wa kubuni molekuli.

Ninafundisha kwenye shule ambayo kabati la kuvutia mvuke lina feni iliyoungua tangu kabla sijahamia. Wanafunzi wangu wanajua kuandika mlinganyo wa asidi na besi, na baadhi yao hawajawahi kuona rangi ikigeuka kwa tone moja. Sijaandika ili kulaumu shule wala mtu. Ila makala kama yenu ikimwambia mzazi kwamba utajiri huu umeshazikwa chini ya miguu yetu, unasubiri greda, hana sababu ya kuuliza kama mwanawe ameshika bureti mwaka huu. Mimi nataka aulize. Aulize kwenye kikao cha wazazi, kwa sauti, na aulize tena muhula ujao.

Nakuomba basi, Mhariri, urekebishe sentensi moja tu katika toleo lijalo, na unaweza kuiandika hivi: "Tepe za nano za grafini zenye upana kamili wa atomu hujengwa na wanakemia kutoka kwenye molekuli ndogo, hazikatwi kutoka kwenye kinywe." Na mwandishi wa makala ile, ambaye naona ana bidii na anaandika Kiswahili kizuri, namkaribisha darasani kwangu Jumamosi yoyote kuanzia saa nne asubuhi. Zile karatasi za sega la nyuki bado ninazo, na mkasi mmoja nitamwekea. Nitampa akate mistari 7, kisha tutahesabu pamoja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa kemia,
Moshi